Gari la Mazutu la Kumleta Mama

Jumatatu, 7 Julai

Nimeamua. Nanunua gari. La familia, viti saba, la mazutu, yaani dizeli, kwa sababu mazutu hutembea mbali kwa kidogo, na kidogo ndicho nilicho nacho. Mama yangu yuko Kakanda, haoni tena kwa mtoto wa jicho. Ijumaa daktari atampasua hapa Likasi. Ataletwa na mwanawe, ndani ya gari la mwanawe. Si juu ya magunia ya lori!

Mke wangu Philomène anataka kaka yake Matata, dereva wa lori, alikague kwanza. Nimekataa. Matata akilikagua, litakuwa gari la Matata. Atalisimulia kila Noeli mpaka nife.

Jumanne, 8 Julai

Nimelipata mtaa wa Kikula. Muuzaji anaitwa Papy, mtu wa maombi, anacheka na kila mtu. Gari jeupe, viti vya velveti. Moyo ulinidunda, nikauficha. Nikamwambia mimi ni fundi wa mazutu, nimekulia migodini. (Nauza misumari na saruji.) Nikapiga matairi teke. Nikanusa oili. Nikaguna. Papy akashusha bei palepale. Ushindi!

Jumatano, 9 Julai

Nimesoma kwenye simu kwamba injini ya mazutu hujaribiwa ikiwa baridi. Kama imechoka, asubuhi ndiyo itakayoiumbua. Nikatokea kwa Papy alfajiri bila taarifa, meno yakigongana kwa baridi. Nikaweka mkono juu ya boneti. Moto! Papy akasema ametoka kumpeleka mkewe kwenye maombi. Mkewe alikuwa anafagia ua. Nilitaka kuuliza. Lakini fundi haulizi.

Nikaomba basi anipe dhamana, hata ya mwezi. Papy akanitazama kwa heshima kubwa, mbele ya majirani.

"Weye ni mufundi, papa. Miye nitakufundisha nini?"

Majirani wakaitikia. Nikalipa.

Alhamisi, 10 Julai

Kwenda Kakanda, safi kabisa. Mama alikuwa mlangoni amevaa kitenge cha kanisani. Akalikagua gari kwa mikono: mlango, kioo, kiti. Polepole.

"Mwana wangu, motoka yako iko muzuri sana."

Nikageukia pembeni. Sikumbuki mara ya mwisho aliponisifu.

Kurudi, mlimani: moshi mweupe. Kisha mweusi. Kisha kimya. Mama akauliza kama tumefika. Nikasema tunapumzika. Nilipiga stata mpaka betri ikafa. Malori yakatufunika vumbi, mama akawa anakohoa bila kulalamika. Hospitali ilimtaka alale huko leo, na daktari anarudi Lubumbashi kesho jioni. Hajui atakuja lini tena. Nikamshika mama mkono. Niliogopa kweli.

Lori likasimama. Matata, bila shaka. Nikajiandaa kuchekwa. Hakucheka. Akambeba mama mikononi, akamkalisha mbele, akamfunika koti lake. Kisha akaniuliza kama nimekunywa maji. Afadhali angenicheka.

Jumamosi, 12 Julai

Bandeji ya upasuaji wa jana imetolewa. Mama anaona! Philomène analia, Matata analia. Mimi nimelia kumshinda Matata.

Tukamtoa nje polepole. Gari langu, lililovutwa kwa kamba mpaka mjini, lilikuwa mbele ya geti. Nilikuwa nimelipangusa. Mama akalitazama kwa muda mrefu. Akatazama barabara huku na huku. Akaniuliza kwa upole:

"Na ile motoka ya muzuri iko wapi?"

Matata akaangalia viatu vyake.

Jumatatu, 14 Julai

Fundi wa kweli amelifungua. Anasema injini ilipasuka zamani, ikazibwa kwa gundi ili iuzwe. Jana kanisani nilijitafakari sana. Niliona nimekomaa.

Leo nimekwenda kumkaripia Papy. Alihuzunika kuliko mimi, akaniombea. Kisha akakumbuka kwamba nyuma ya nyumba ana gari jingine, pacha wa langu, halina gia ila injini ni nzima. Langu lina gia. Mbona ni hesabu rahisi! Magari mawili, gari moja zima. Philomène nitamweleza likishafika. Nimeacha malipo ya awali.

Na injini yenyewe si ya kuchoka. Papy ameniapia: haijawashwa mwaka mzima.