Yah: Mkono Wangu wa Kushoto Uachwe Ulivyo

Kwa Daktari Mpasuaji,
Chumba cha mwisho, ghorofa ya pili,
penye mlango unaogoma kufungika.

Mheshimiwa Daktari,

Naanza kwa kukutakia mikono isiyotetemeka, maana kwa mtu wa kazi yako sioni salamu bora kuliko hiyo. Mimi ni mgonjwa wako wa Alhamisi ijayo. Kama umesahau sura yangu, ni yule mama uliyemwambia upasuaji wake si mkubwa, naye akakuuliza si mkubwa kwa nani.

Historia unaijua, lakini malalamiko bila historia ni kelele tu. Miaka miwili na kitu iliyopita nilipata saratani, wenzako wakaliondoa titi langu la kushoto pamoja na tezi za kwapani. Saratani ikaondoka, nashukuru. Ila maji ya mwili yaliyokuwa yakipitia kwenye zile tezi yakakosa njia, yakaona bora yahamie mkononi. Mkono ukavimba, ukavimba tena, mpaka ukakaribia unene wa paja la mume wangu, jambo ambalo hapendi lisemwe mbele ya watu. Nyumbani mkono huo tunamwita Bonge.

Wiki iliyopita ukatuchorea picha, mimi na mume wangu na mama mkwe. Utatoa tezi chache kinenani pamoja na mishipa yake, uzipandikize kwapani, uziunge kwa uzi mwembamba kuliko unywele huku ukichungulia kwenye hadubini, ili yale maji yapate pa kupita. Nilikubali papo hapo. Nilikubali kwa sababu mama mkwe alikuwa ananitazama. Sasa niko mezani kwangu, mtoto yuko chini ya meza na vifuniko vyote vya sufuria, na kwa heshima zote naomba upasuaji huo uahirishwe moja kwa moja. Sababu zangu ni hizi.

1. Bonge ana mpangaji. Binti yangu ana miaka mitatu, na hajui usingizi wa maana bila kichwa chake kuwa juu ya Bonge. Tumemnunulia mito. Mmoja una picha ya sungura. Akamlaza sungura juu ya Bonge, naye akajibana pembeni yake. Najua muuguzi alikataza mkono huo kukandamizwa. Nilimweleza mtoto maagizo ya muuguzi, neno kwa neno. Akaniuliza muuguzi analala wapi.

2. Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi. Tuseme nilikuwa. Mlipokataza joto karibu na mkono, tajiri alinihamishia mbele, kwenye meza ya kupokea nguo, na mwenzangu Mama Mapacha akarithi pasi yangu pamoja na kinyongo kinachokuja nayo. Daktari, hujui Bonge anavyochapa kazi pale. Anakuja mteja amefura, shati lake limerudi na alama ya pasi mgongoni, amejiandaa kututukana kuanzia sisi mpaka babu zetu. Namweka Bonge juu ya meza, taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Mteja anatazama. Sauti inashuka. Mwisho ananiuliza kama mkono unauma, kisha anaondoka na shati lake la alama akituombea heri. Mkimpunguza Bonge, nani atatutetea? Tena Mama Mapacha kila asubuhi ananiuliza kwa sauti laini kabisa, "Eti shoga, Alhamisi ndiyo yenyewe?" Huyo haniombei afya, anaitafutia pasi mwenyewe wa kuipokea.

3. Mume wangu ni fundi bomba, na tangu auone ule mchoro wako nyumba haina amani. Anasema alikuelewa kuliko mimi. Amewatangazia mafundi wenzake kwamba mke wake ana maji yasiyo na njia, na kwamba daktari anataka kuunga bomba dogo kwa bomba dogo zaidi, kazi ambayo yeye asingeigusa kabla ya kufunga koki kuu. Ameniagiza nikuulize kama unatumia ile tepu nyeupe ya kuzungushia kwenye maungio. Kama umeishiwa, anayo. Lakini hilo si lalamiko. Lalamiko ni kwamba ulisema tezi zikishapandikizwa zitachukua miezi, pengine mwaka, ndipo zizoee kazi. Kwamba mkono utapungua ila hautakuwa kama ule wa zamani. Na kwamba ile soksi ya kubana ya mkononi huenda nikaendelea kuivaa. Tulipofika mlangoni kwetu mume wangu akasema, "Mimi nikimwambia mtu sinki lake litaanza kupitisha maji mwakani, tena kiasi, ananitoa nje na ngazi yangu." Wewe unalo jibu?

4. Na tezi zenyewe, nani aliziuliza? Zimekaa kinenani tangu nizaliwe, kimya, hazijamkosea mtu. Leo zinaamriwa zifungashe zihamie kwapani. Mama mkwe ni mtu wa heshima zake. Alipoelewa ni tezi za wapi alijifunika mdomo kwa kitambaa, na hakukitoa mpaka tulipokuwa nje ya geti. "Yaani cha kule kije kukaa huku juu?" akaniuliza. "Na mimi ndiye ninayekuogesha kwapa. Nitakitazamaje?" Isitoshe, ulikiri mwenyewe kwamba ipo hatari, ndogo, ya mguu nao kuvimba, ingawa utatumia rangi kwanza kuzijua tezi za mguu ili uziache zilipo. Kwa bahati yangu ninavyoijua, nitaingia na Bonge mmoja nitoke na wawili, mmoja juu mmoja chini, na nguo zangu zishonwe na fundi wa maturubai.

5. Hili naomba usilisome kwa sauti. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mama mkwe aliniita "huyo". Huyo ameamka? Huyo ameunguza tena? Bonge alipovimba, yeye ndiye pekee katika ukoo mzima aliyekwenda kwa muuguzi akajifunza kufunga bendeji. Kwanza soksi laini, halafu pamba, halafu bendeji nyembamba za vidole, halafu zile pana kutoka kiganjani mpaka karibu na bega, akikaza chini na kulegeza kadiri anavyopanda. Anafunga kama anayefunga mzigo wa safari ndefu na hamwamini kondakta. Kila asubuhi tunakaa kitandani magoti yakigusana, na kwa kuwa mikono yake ina shughuli, mdomo wake unasahau kwamba ni wa mama mkwe. Ameniambia mambo ambayo hata mwanawe hayajui. Siku moja akaniita "mwanangu". Alikuwa na pini mdomoni, nikadhani neno limemponyoka kwa sababu ya pini, lakini kesho yake akarudia bila pini. Sasa Bonge akipona, tutakaa kitandani kufanya nini? Ama atafungasha arudi kwake, ama atabaki na kuanza tena kukagua sufuria zangu. Sijui lipi baya zaidi. Nadhani najua.

6. Utanitajia homa. Ni kweli, mara mbili mwaka huu Bonge aliwaka, akawa mwekundu, nikatetemeka mpaka meno yakagongana, nikalazwa nikatundikiwa dripu. Ni kweli ulisema kila akiwaka anazidi kuharibika, na kwamba hatuwezi kutegemea kuwahi kila mara. Hayo ni mambo ya ndani. Kila familia ina mmoja wa kuwakawaka.

7. Nimeshawahi kuilalia ile meza yenu ya upasuaji, sitaki kulisema sana. Binti yangu alikuwa na miezi minane, ananyonya, na upande wake ulikuwa kushoto. Niliporudi nyumbani alipapasa pale, akakuta bapa, akanitazama kama mteja aliyefika dukani akakuta limehama bila hata tangazo mlangoni. Hakulia. Afadhali angelia. Mkono ulipoanza kunenepa akahamia huko, akapazoea, na nadhani ndipo aliponisamehe. Sasa nimwambie naingia tena mle ndani, na nitatoka na huo mkono nao umepungua? Kuna swali jingine hapo ambalo siliandiki. Wewe unalijua, ndiyo maana mlinipa karatasi ya kusaini.

8. Basi napendekeza hivi. Kama ni lazima Alhamisi upasue mtu ili zamu yako isipotee bure, chukua mkono wa kulia, uunenepeshe ulingane na mwenzake. Binti yangu atapata mito miwili. Dukani tutakuwa na uwezo wa kuunguza hata suti za harusi. Mama mkwe atafunga bendeji kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na tutamaliza habari za ukoo wote, walio hai na waliotangulia. Fundi cherehani wangu, anayenikatia mkono mmoja mpana na mmoja mwembamba huku akiguna, naye atapumua. Jaribio likifaulu, uwafungulie mlango wanawake wote wanaodharauliwa kwa sababu ya mikono membamba. Wakubwa wa afya wakitaka kunishukuru, wasijisumbue.

Natumaini utalipokea ombi hili kwa moyo uleule uliotumia kunichorea ile picha, ambayo nakiri ilikuwa nzuri, ila mkono uliouchora ulikuwa wa mwanamume. Msalimie muuguzi wa utepe, yule anayempima Bonge na kuguna kabla ya kuandika. Msalimie mtaalamu wa usingizi. Sina ugomvi naye, ila asinihesabishe, hesabu sikuzipenda hata shuleni. Wasalimie wagonjwa wenzangu wa benchi la ukutani, hasa yule bibi anayesinzia huku akijibu maswali ya watu. Mume wangu anakusalimia na tepu yake. Bonge naye anakusalimia.

Wako mtiifu kwa sehemu kubwa ya mwili,

Mama wa mpangaji

Nyongeza, kwenye karatasi ya pili nitakayoichomeka pamoja na ya kwanza: Nilimwomba mama mkwe aniletee bahasha. Akaketi akaisoma barua yote, pamoja na namba tano, akaikunja, akaiweka ndani ya begi la hospitali ambalo kumbe ameshalipanga, chini ya shuka. Anasema atakukabidhi mwenyewe Alhamisi, mimi nikishalazwa kwa dawa ya usingizi. Bendeji za leo amezifunga polepole sana, na alipomaliza akasema nikitoka huko ataniogesha kwapa vilevile, hata kama amehamia nani. Kwa hiyo ukiipata barua hii utakuwa umeshanawa. Tafadhali iweke chini, unawe tena, uendelee.

Muuguzi alisema usiku wa kuamkia siku hiyo nisile wala nisinywe. Je, chai ya rangi nayo inahesabika?

Mtoto tumemwambia. Mchana huu amejaribu kuulalia mkono wa kulia. Amesema una mifupa. Kisha akalala.