Maji Mekundu ya Baba Mutombo

Leo nimeumbuka. Tena vibaya! Nyie rafiki zangu mliohamia Kolwezi, afadhali mlisome hili kwangu kabla mke wangu hajawasimulia kwa namna yake.

Mnamjua jirani yangu Baba Mutombo, muuza vitambaa kutoka Kasai. Tangu Katanga yetu ijitenge na nchi nzima, huku Lubumbashi kila mtu anamchungulia mwenzake, na sisi wenyeji tunawachungulia zaidi watu wa Kasai, tunaowadhania kuwa wanapinga kujitenga. (Mimi ndiye bingwa. Ua wangu una tundu.)

Asubuhi nikasikia shoka kwake. Nikaweka jicho kwenye tundu. Mutombo amechuchumaa mbele ya beseni, mikono myekundu hadi viwikoni! Pembeni gunia limelowa, na maji mekundu yanatiririka hadi kwenye mfereji wa barabara. Nikasema huyu ameua mtu.

Ningeweza kumuuliza. Nani anauliza siku hizi? Nikakimbia kwenye kizuizi cha barabarani, nikamleta jandarme, askari wa Katanga, na bunduki yake. Avenue nzima, yaani mtaa wetu wote, ikatufuata.

"Hii damu ya nani?" jandarme akafoka.

"Hapana damu, chef. Iko muti, mulombwa." Mutombo akapasua gogo mbele yetu, na utomvu mwekundu ukachuruzika. "Hii muti haiozaka, hata badudu habaikulaka. Ile kitu inaichunga mu ndani, njo dawa, inauwaka choa na bidonda ku ngozi ya bantu."

Gunia likafunguliwa. Magogo matupu. Hapo mwenye akili angenyamaza.

"Muulize dawa ni ya nani!" nikapaza sauti.

Mutombo akatazama chini. "Siwezi kusema, chef. Nilitoa neno yangu."

"Mumeona!" nikaruka. "Iko anaficha adui mu nyumba, muntu ya bidonda!"

Jandarme akamkamata Mutombo shingoni. "Twende."

Tunajua wanaopelekwa hivyo hawarudi upesi, na wengine hawarudi kabisa. Niliogopa, jamani. Nilitaka kusema basi, yaishe, lakini nikarudi hatua moja nyuma.

Ndipo mke wangu akapenya katikati ya watu. "Mwache, chef! Njo mie nilimuomba, nikamuapisha asiseme. Dawa iko ya bwana yangu huyu. Iko na choa ku matako, anaona haya kwenda ku dispensaire, kwa munganga!"

Jandarme akanigeukia taratibu. "Sasa weye njo nakushuku. Shusha patalo, tuone."

"Chef, mbele ya bantu?"

"Si njo weye ulibaita?"

Nikashusha suruali. (Mama mkwe alikuwepo. Alisogea karibu aone vizuri.) Jandarme akainama, akakagua kushoto, akakagua kulia, kisha akamwachia Mutombo. "Vrai, kweli. Iko choa."

Avenue ililia kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimefurahi kwamba Mutombo yuko huru, lakini furaha ya mtu aliyeshusha suruali haionekani usoni.

Jioni Mutombo akaniletea kopo la dawa yangu. Niliona haya hata kumtazama. (Lakini nililinusa kopo kwanza.) Akasema tu, "Pakaa, na usikae mupaka ikauke."

Inawasha balaa. Ndiyo maana naandika nimesimama, na naombeni msicheke.