Siku Daktari wa Injini Aliposema Kweli

Gari la mama mshonaji lilikuwa linachemsha. Lilipanda mlima likitoa mvuke kama birika, likafia mbele ya gereji ya Daktari.

Daktari hakuwa daktari wa chochote. Jina alijipa mwenyewe siku aliyonunua koti jeupe la mtumba, na watu wakalizoea kwa kuwa alizungumza polepole na hakuna aliyemwelewa. Gereji yake ilikuwa mabati mawili juu kabisa ya mlima, mahali gari bovu huishiwa pumzi. Alipachagua kwa makusudi.

Akafungua boneti, akagusa mpira wa juu unaotoka kwenye injini kwenda rejeta. Unaunguza. Akagusa wa chini. Baridi. Hapo hapo akajua ugonjwa: thamostati imeganda, kile kidude kinachoyafungulia maji njia yakapoe. Kinaenea kiganjani, kinauzwa kibanda cha pili kwa shemeji yake, na kukibadilisha hata chai haipoi. Gari lenyewe lilikuwa safi, halina kutu, viti bado vina nailoni. Moyo wa Daktari ukacheza.

Alingoja lipoe, akafungua rejeta, akakoroga maji kwa kidole alichokwisha kukichovya kwenye oili. Ulikuwa mchezo wake wa siku zote. Siku hiyo mafuta yalitanda kuliko alivyoyaweka, hata akajisifu moyoni kwamba mkono umekomaa.

"Unayaona mafuta haya, mama?"

"Nayaona, mwanangu. Yametoka wapi?"

"Ndani. Bloku ya injini imepasuka." Akavua kofia kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Hapa tumebaki kuzika tu."

"Haishoneki?"

"Chuma hakina kiraka, mama."

Mama mshonaji akakaa juu ya tairi bovu, akashika kichwa. Daktari akamwacha aumie kidogo, ndipo akasema kwa sauti ya huruma kwamba yeye angeweza kulichukua kama chuma chakavu, bora asilione likiozea barabarani. Pesa, kwa bahati mbaya, hakuwa nazo. Mama akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye pikipiki iliyoegeshwa ukutani.

Pikipiki ilikuwa ya mkewe Daktari. Asubuhi hiyo mke alimwachia aibadilishie breki, kazi iliyokwisha tayari. Ndiyo iliyosambaza mikate yake madukani kila alfajiri, na mikate ndiyo iliyolisha nyumba, maana udaktari ulilisha koti tu. Daktari akapiga hesabu haraka: thamostati sasa hivi, mnunuzi wa gari jioni, kesho mke ana pikipiki mbili na mume wa maana.

Akasema wabadilishane, gari kwa pikipiki. Mama akakubali, ila akataka mashahidi. Hakutaka kesho mtu aseme ameuziwa ubovu bila kuambiwa. Akaitwa shemeji, kaka wa mke, na wapita njia wakajisogeza wenyewe. Daktari akaweka mkono kifuani, akatangaza kwamba bloku imepasuka, kwamba anajua analolichukua, na kwamba hatamrudia mama wa watu kwa lawama.

"Shemeji, una hakika?" akauliza shemeji. "Hiyo ni ya dada."

Daktari akamkonyeza.

Mama akafunga mtandio, akapiga kiki mara moja, akateremka mlima bila kuuliza gia ziko wapi.

Thamostati mpya ikaingia, maji yakajazwa, Daktari na shemeji wakapanda. Walipofika chini ya mlima moshi mweupe uliwafunika, na mshale wa geji ya joto ukawa umelala upande wa hatari. Daktari akafungua kifuniko cha oili. Ndani mlikuwa na uji, rangi ya chai ya maziwa: maji na oili vimeoana.

Shemeji akachungulia, akatikisa kichwa. "Bloku imepasuka," akasema. "Si ulituambia?"

Daktari alimkuta mama mshonaji kwenye cherehani, pikipiki mlangoni imefungiwa marobota ya sare za shule. Mama hakuinua mguu kwenye pedali. Akaeleza bila kuficha kwamba fundi wa mtaa wa chini, mtu mkweli, ndiye aliyegundua ufa. Mama akamwomba amfungie thamostati moja mbovu, kisha akamuuliza fundi gani mjini ni mwongo kuliko wote. Yule hakufikiri hata kidogo.

"Mkweli angenibadilishia thamostati, akanirudishia gari langu," akasema mama. "Mimi nilimtafuta wa kulitamani."

"Mama, umenidanganya."

"Kwa neno gani? Wewe ndiye uliyesema imepasuka, mimi nikakuamini. Ungejiamini na wewe, mwanangu."

Basi ilimgharimu hivi. Pikipiki ya mkewe. Thamostati mpya, ambayo shemeji alikataa kuipokea kwa kuwa imeshatumika. Koti jeupe, ambalo mke alilikata vipande vya kufunikia mikate. Na kila alfajiri, kreti la mikate kichwani, duka hadi duka, kwa miguu, mke akifuata nyuma kuona kama hakuna unaopungua.