Nilivyowaongoza Wanakwaya Kisiwani Kokwa

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefanya jambo! Baada ya mazoezi ya kwaya, Gedion alisimama, darubini shingoni (darubini ya nini kanisani?), akatangaza kwamba Jumamosi tunatembelea kisiwa cha Kokwa, Ziwa Baringo, na kiongozi wa safari ni yeye. Chepkirui, yule dada wa sauti ya kwanza, akamtazama vizuri. Vizuri mno! Nikajikuta nimesimama. Nikasema Kokwa nimeenda mara nyingi, njia zote nazijua. Makofi! Chepkirui akasema, "Kumbe Kihara ni mtu wa kutembea!"

Sijawahi kuvuka mji wa Mogotio, na ziwa liko mbali mbele yake.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimesoma habari za kisiwa kwenye simu hadi chaji ikaisha. Kuna chemchemi za maji moto. Wazo! Nitabeba viazi vyangu vya hapa Dundori, nivichemshe palepale mbele ya watu. Gedion ana darubini. Mimi nitakuwa na chakula. Nani atashinda? Swali rahisi.

Jumamosi, 16 Agosti

Joto! Asubuhi nyumbani kulikuwa na ukungu, nikavaa sweta. Shati la ndani lina tundu mgongoni. Sikuivua sweta.

Kwenye boti niliwaeleza wenzangu habari za viboko. Mara kiboko akatoa kichwa majini. Nikalala chini ya viti. Nikasema ni utaratibu wa usalama. Gedion naye akalala haraka. Mjinga.

Kisiwani tulipokelewa na mama wa pale anayeitwa Zeddy. Maziwa, kicheko, kila mtu akapewa mkono. Watu wazuri sana! Aliponifikia akasema kwa sauti, "Karibu, mgeni! Wewe sijawahi kukuona hapa." Nikasema zamani nilikuwa na ndevu.

Nikaongoza. Tukapanda kilima, tukazunguka mawe, tukatokea kwenye zizi la mbuzi la Zeddy. Nikashika njia nyingine. Zizi tena, kwa nyuma. Mbuzi walianza kututambua. Zeddy alijifunga leso, akatangulia kutupeleka kwenye chemchemi.

Maji yalikuwa yanatokota kweli. Nikatumbukiza mfuko wa viazi kwa kamba, nikahutubia. Nilipovuta, ikaja kamba tu. Gedion alicheka akirudi nyuma, akazama kwenye tope hadi magotini. Nikamvuta. Alitoka, darubini ikabaki.

Zeddy akatukaangia samaki, tukala sote sinia moja. Gedion akanipa pole ya viazi. Nikampa pole ya darubini. Karibu nimpende.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada Chepkirui aliniita kando. Aliniuliza, "Kihara, kusema ukweli, ulikuwa umewahi kufika Kokwa?"

Nikasema ukweli. Hapana! Alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema hajafurahi hivyo mwaka huu wote, na kwamba anapenda mtu anayekubali kosa. Moyo wangu! Kisha akaniambia kwamba kwenye boti aliogopa maji njia nzima. Anataka kujifunza kuogelea. Je, namjua mtu wa kumfundisha?

Nikamwambia, "Uko naye hapa."

Jumatatu, 18 Agosti

Nimejaza beseni. Nimeingiza uso. Maji yamepita puani hadi sijui wapi. Lakini mbinu nimeielewa. Tunaanza Jumamosi, na nimemwambia aalike kwaya nzima.