In, On, At na Kifua Changu

Jumatatu, 3 Machi

Makubwa! Bosi katuita wote uani asubuhi, katangaza kwamba karani wa barua za nje amestaafu. Dawati lake liko wazi. Dawati la dirishani! Mtu unakaa pale, unawaandikia wateja wa ng'ambo kwa Kiingereza, unavuta hewa safi kama binadamu. Mimi nina miaka tisa kwenye chumba cha vanishi cha kiwanda hiki cha viti. Kifua kinapiga filimbi. Daktari kaniambia bila kuficha: nitoke humo mwaka huu, la sivyo nisimlaumu mtu. Nimeogopa, sikatai.

Tunaoshindana ni wawili. Mimi, na yule mwanamke wa stoo tunayemwita Kamusi, maana haendi hata chooni bila kamusi yake iliyochanika mgongo. Wiki hii tunamwandikia kwa zamu mnunuzi mmoja mzee anayekuja Alhamisi kukagua viti. Ijumaa Bosi anateua.

Sikuona sababu ya kusubiri. Nimemwambia mke wangu kazi nimeshapata. Kapiga vigelegele, kampigia mama yake simu papo hapo. Kwa hiyo hata mama mkwe anajua. Sasa lazima niipate!

Jumanne, 4 Machi

Nimeduwaa. Maneno makubwa ya Kiingereza nayajua. Vinavyonitoa jasho ni vile vijineno vyao: in, on, at, of, by. Sisi tunasema mezani, kitini, mlangoni, njiani. Ki-"ni" kimoja tu, kinabeba mzigo wote wala hakinung'uniki. Wenzetu wameajiri watatu kwa kazi ya mmoja, na kila mmoja hataki kushika ufagio wa mwenzake. Nilimweleza Kamusi hivyo. Akaniuliza kama nilimaliza shule. Swali gani hilo?

Mpango wangu: nimekata vikaratasi, kila kimoja nimekiandika kijineno chake, nikavitia kwenye kopo tupu la vanishi. Nikikwama natikisa, nachomoa, naandika. Hakuna kuumiza kichwa.

Barua ya leo ilikuwa ya kusifu viti. Nilitaka kusema kila kiti kimetengenezwa na mafundi wetu wakongwe. Nilipofika kwenye "made" nikakwama. Nikatikisa. Ikatoka "of". Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Every chair is made of our oldest carpenters." Bosi akiwa bize na simu, nikaipeleka kwenye mashine ya faksi mwenyewe.

Jibu limekuja mchana. Mzee anauliza mafundi wamebaki wangapi, na kama familia zao zimearifiwa. Mama yangu! Kumbe nimesema mafundi ndio malighafi! Wamerandwa, wakapigwa misumari, wakapakwa vanishi, tena na mimi! Kamusi alinieleza polepole kama anayemlisha mtoto uji: "of" ni kile kitu kilichotumika, yaani mbao, aliyetengeneza ni "by". Fundi mkuu, ambaye ana mvi hadi kwenye nyusi, kaacha kuitikia salamu zangu.

Kopo nimelitupa. Lilikuwa na hila.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya, na huu ni wa maana: "in" kila mahali. Ni fupi, haina makuu. Leo zamu yangu ilikuwa kumwelekeza mzee akifika uwanja wa ndege. Dereva atamngojea kwenye kona, pale barabara inapokata mbele ya jengo. Kona ni kona! Nimeandika: "Our driver will meet you in the corner." Rahisi kama kunywa maji.

Halafu nikafanya jambo ambalo silijutii. Kamusi alitoka kwenda stoo kuhesabu gundi, akaacha barua yake wazi mezani. Alikuwa anampongeza mzee kwa kufungua duka jipya: "Congratulations for your new shop." Safi sana, inaeleweka, pongezi kwa duka lako. Nikaona nikiiacha hivi, dirisha linakwenda. Nikafuta "for", nikaandika "on". Pongezi juu ya duka! Mzee atafikiri Kamusi amepanda kwenye bati lake na kumpongeza kutoka huko. Nilicheka mpaka kikohozi kikaniinamisha. Barua imeondoka hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya balaa.

Saa tatu Dereva kapiga simu kutoka kwenye kona: mzee haonekani. Saa nne, haonekani. Bosi kanigeukia, kaniambia nichukue pikipiki nikamtafute mgeni niliyempoteza. Nikatoka mbio. Katikati ya safari nikaona ni adabu nimtumie ujumbe kwamba niko njiani. Nikatumia mpango wangu wa "in": "Sorry sir, I am in the way."

Akajibu haraka: "Then kindly get out of it."

Nilishtuka! Nitoke njiani? Lakini mgeni ni mgeni, tena mnunuzi. Nikatoka. Nikaishusha pikipiki mtaroni, nikasimama kwenye majani nikisubiri maelekezo zaidi. Dakika arobaini. Mbuzi wawili walikuja kuniangalia.

Kumbe mzee kasimama kwenye pembe ya ukumbi wa uwanja wa ndege, baina ya pipa la taka na mashine ya soda, saa mbili nzima, kwa sababu barua ilimwambia akae kwenye pembe, ndani. Kona ya barabarani ni "at", ya chumbani ni "in". Nani aligawa hizi kona? Mwisho kachukua teksi. Alipofika kiwandani alimwambia Bosi kwamba mfanyakazi wake mmoja alimweka pembeni kama mtoto mtundu, kisha akamtumia ujumbe kukiri kwamba anazuia njia. Kumbe "niko njiani" ni "on the way"!

Ijumaa, 7 Machi

Siamini! Siamini hata sasa!

Mzee kanunua viti vyote. Kabla ya kuondoka alisimama mbele yetu, akaitoa barua ya Kamusi mfukoni. Akasema miaka yote anaandikiwa "congratulations for", na leo ndiyo mara ya kwanza amepata barua kutoka huku iliyosema "congratulations on", kama inavyotakiwa. Akasema mwandishi wa barua hii ndiye wa kukaa dirishani. Bosi akateua hapo hapo. Makofi!

Kamusi akaichukua barua, akaitazama "on" ile, akanitazama mimi. Mwandiko wangu anaujua. Nikasubiri aseme. Akaikunja, akaitia ndani ya kamusi yake.

Kijineno kimoja nilichopatia maisha yangu yote, nimempa adui! Nilirudi chumba cha vanishi, nikakaa juu ya ndoo, nikakohoa mpaka machozi. Mengine hayakuwa ya kikohozi. Nilipoinua kichwa, Kamusi kasimama mlangoni. Hakunicheka. Aliondoka moja kwa moja kwenda ofisi ya Bosi. Kwenda kunisemea tu, nini kingine?

Jumamosi, 8 Machi

Dunia ina mambo! Nimepewa barua, ya Kiingereza, sahihi ya Bosi chini. Inasema kwa ombi la karani mpya natolewa chumba cha vanishi na kuwekwa stoo, penye madirisha mawili. Hapo nilisoma mara tatu, nikavuta pumzi, haikupiga filimbi. Mke wangu nimemwambia dirisha moja limekuwa mawili, kalia kwa furaha.

Lakini utamu uko mwishoni: "From Monday you will answer to her." Yaani kuanzia Jumatatu nitamjibu! Bosi ameona dhuluma. Wiki nzima mwanamke yule ananisahihisha, ananiuliza kama nilisoma, nami nanyamaza. Sasa nimepewa ruhusa ya kumjibu, kwa maandishi!

Nilimwonyesha Dereva. Akasema kiofisi hayo maana yake Kamusi ndiye mkubwa wangu, kila kitu nitaripoti kwake. Nilimhurumia. "Answer" ni kujibu, "her" ni yeye. Hiyo "to" iliyokaa katikati ni kijineno tu, mtu unairuka.

Nimekaa tangu asubuhi nikiandika majibu. Yamefika ishirini na matatu, mengine makali sana. La kwanza nitampa Jumatatu saa mbili kamili, mbele ya Bosi.