Kichupa Kitupu cha Daktari

Jumatatu, 4 Machi

Nimeosha chupa mpaka nikajiona uso ndani yake. Sura nzuri. Katika maabara hii hakuna anayeosha kama mimi. Daktari, yule mama anayetuongoza, ana sheria moja kubwa: chombo kikiwa kitupu, kioshwe kabla hakijakauka. Utadhani aliitunga akiwa ananiota.

Lakini kuosha ni kwa muda tu. Mimi ni mtu wa koti jeupe! Nafasi ya msaidizi wa Daktari ni moja, tunaoitaka ni wawili: mimi na yule mwanafunzi wa mazoezi ninayemwita Miwani. Miwani amesoma. Hilo ndilo kosa lake. Mjomba wangu, dereva wa hapa aliyeniombea kazi, amenishauri nitulie. Nimemwambia hata jiwe limetulia, limepata nini?

Wiki hii unaingia mzigo wa Daktari, intaferoni ya panya. Nimetikisa kichwa kama ninayeijua tangu utoto. Miwani akanieleza bila kuombwa. Ni protini. Kirusi kikivamia seli moja, seli hiyo huitoa kuzitahadharisha jirani zake zijikinge. Kumbe ni mpiga yowe la mwizi! Tena hii yetu haikutoka kwa panya, imetengenezwa na bakteria waliopachikwa maelekezo ya panya. Yaani bakteria apike, panya ale, Daktari asifiwe, mimi nioshe sufuria. Haiwezekani.

Jumanne, 5 Machi

Mpango uko tayari, mzigo unafika kesho. Atakayepokea mzigo ndiye atakayekumbukwa siku ya kutoa koti. Kwa hiyo Miwani asiwepo. Nimemwambia kesho asubuhi anaitwa stoo kuu, kule upande wa pili wa mji, kuchukua glavu. Ameshukuru! Mbuzi anashukuru kamba.

Kabla ya kutoka akaenda kuzichungulia seli zake kwa darubini. Ni seli za panya, amezilea kwenye visahani vya plastiki wiki nyingi, anazilisha, anazibadilishia maji, karibu aziimbie. Zinasubiri hiyo intaferoni. Atazipa, kisha atazimwagia virusi aone zitakazosalimika. Asipofanya hivyo wiki hii zitazeeka, hatakuwa na ripoti, na bila ripoti hakuna cheti. Nikamwambia asijali, mambo yako mikononi mwangu. Nami sikusema uongo.

Jumatano, 6 Machi

Mzigo umefika! Miwani kaenda kufuata glavu zisizokuwepo, Daktari yuko mkutanoni. Nimetia sahihi kwa mbwembwe mpaka karatasi ikatoboka.

Boksi kubwa. Ndani, barafu. Ndani ya barafu, mfuko. Ndani ya mfuko, kichupa kama kidole cha mtoto. Ndani ya kichupa, hakuna kitu!

Nimekiinua dirishani. Hakuna. Nimekifungua, nimekipindua kiganjani, nimekigonga kwenye meza. Hata tone. Hata harufu. Daktari kasubiri miezi, kaletewa hewa!

Nikatafakari, na mimi nikitafakari ni hatari. Nani alikuwa akiusubiri mzigo huu kwa hamu? Miwani. Nani leo hayupo? Miwani. Ni kweli mimi ndiye niliyemtuma, lakini mbona alikubali haraka hivyo? Kauwahi njiani, kaiba, kaenda kuficha!

Kesho namuumbua mbele ya watu. Ila ushahidi mchafu ni aibu kwa msafishaji. Nimekiosha kichupa. Sabuni, brashi ndogo, maji ya moto mara tatu, kisha kwenye joko la kukaushia. Kinang'aa kama jino la dhahabu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesimama katikati ya maabara na kusema kuna mwizi. Miwani, miguu bado ina vumbi la jana, akauliza ameiba nini. Nikasema ajiulize mwenyewe. Mjomba akafunika uso kwa kofia.

Daktari akataka kukiona kichupa. Nikakitoa, nimekifunga kwenye kitambaa cheupe. Akakigeuza geuza. Akauliza taratibu kama nimekiosha. Nikasema mara tatu, maji ya moto. Akatafuta kiti.

Sasa sikia maajabu. Eti intaferoni ilikuwemo! Eti hukaushwa ikawa unga mwembamba mno, umegandamana chini, jicho halioni. Unatia matone machache ya maji maalumu, inarudi. Nikauliza ni mfanyabiashara gani anauza kitu kisichoonekana.

Miwani alikwenda kuzitazama seli zake. Mzigo mwingine utachukua wiki kadhaa, hazitaungoja. Aliporudi aliniambia kwa sauti ndogo, "Bwana mdogo, ungeniuliza tu."

Nikachukua ufagio, nikafagia vumbi la miguu yake.

Ndipo Daktari akasema, "Kijana, sijawahi kupata mtu anayeosha kama wewe. Ndiyo msiba wenyewe."

Mbele ya watu wote! Sijawahi kupata mtu kama wewe! Mengine sikuyasikiliza.

Ijumaa, 8 Machi

Koti kapewa Miwani. Linampwaya. Ataanza seli upya, ripoti imesogezwa mbele. Mimi nimeondolewa kwenye sinki, sasa naosha mabanda ya panya uani. Nilikuwa nifukuzwe kabisa, mjomba kaomba mpaka sauti ikakauka, na Miwani naye kaniombea. Ananiogopa huyo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimewaza nikiwa nasugua. Ile intaferoni haikupotea. Ilipita kwenye sinki, ikaingia mferejini. Mferejini wanaishi nani? Panya! Basi chini ya miguu yetu wamo panya waliokwisha kunywa dawa yote ya Daktari, na wasomi wote hao hawajafikiria hilo!

Nimetega. Nimemnasa mmoja, mnene, mweusi, mwenye macho ya mtu aliyekula cha mwenzake. Nimemwogesha kwa sabuni. Kaning'ata kidole: afya tele! Jumatatu namkabidhi kwa Daktari, naye Miwani alirudishe koti.

Kwa sasa nimemlaza kwenye chumba cha panya weupe wa utafiti, pamoja nao, asikae mpweke. Mlangoni wameandika kwa herufi kubwa kisiingizwe chochote kutoka nje, eti kitaleta maradhi. Lakini huyu wa nje gani? Ni wa mfereji wetu wenyewe.