Docteur wa Gitaa Lisilong'aa

Maneno aliingia katika baa ya Maman Séraphine, kule Kadutu, akiwa na nia ndogo tu ya kunywa bia kwa jina la mtu mwingine, mara akaona kitu kilichomsahaulisha kiu. Mwenye baa alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, amelaza gitaa la umeme mapajani kama mtoto anayengoja kupakwa mafuta, na mkononi ameshika kopo la nta ya kung'arishia sakafu.

Ieleweke kwamba Bukavu ya miaka hiyo ulikuwa mji wa kung'aa. Viatu vya makarani viling'aa, nywele zao ziling'aa, baiskeli zao ziling'aa, na hata mbwa wa Wazungu waling'aa. Asiyeng'aa alihesabiwa kuwa bado hajaendelea. Sasa mjane huyu alikuwa ametoa akiba yake yote kununua gitaa Usumbura, la kwanza la umeme pale mtaani, ili baa yake isife kama zilivyokufa nyingine mbili za jirani. Alilitoa kwenye sanduku mbele ya wateja, na kumbe rangi yake ya kahawia ilikuwa imepoa, laini kama ganda la yai, bila mng'ao hata chembe. Mteja mmoja aliuliza kama gitaa lilikuja kutoka Usumbura kwa miguu.

"Maman, weka ile kopo chini," alisema Maneno kwa sauti ya padri anayeingia chumba cha mgonjwa. "Ukiipaka ile, unaiua."

Séraphine alitaka kujua yeye ni nani hata amwambie hivyo.

"Mi niko munganga ya bintu kama hii. Hii iko satiné, maman. Haing'arake. Ku Ulaya batu banalipaka bei kubwa ili ising'are."

Hapo, tumtendee haki, hakusema uongo. Maneno aliwahi kuwa boyi katika nyumba moja ya Wazungu kule Nyalukemba, na siku moja, kwa kutaka sifa, aliisugua kwa nta meza ya Madamu iliyopakwa rangi ya namna ileile. Meza iling'aa kama dimbwi, Madamu akalia, na Maneno akafukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Elimu ile ilimgharimu, naye aliona sasa imefika siku ya kuila.

Akamfundisha mama wa watu. Nta hapana, mafuta hapana, limau usithubutu. Kitambaa cha pamba tu, kikavu, na mkono mwepesi. Jasho la mpigaji lifutwe akimaliza wimbo wa mwisho. Gitaa lisianikwe juani wala lisiegemezwe kwenye ukuta wenye unyevu. Zaidi ya yote, lisisuguliwe, maana rangi ya satiné ikisuguliwa mahali pamoja huanza kung'aa pale, na hairudi tena kuwa ilivyokuwa. Yote yalikuwa kweli tupu. Alipoona mjane ameshaingia mtegoni, akachomeka uongo mmoja tu, wa wastani.

"Ngozi yake inapumuaka, maman. Ikipigwa Samedi na Dimanche, inachoka. Inaomba kulala ku clinique, Lundi mpaka Vendredi."

"Na clinique iko wapi?"

"Iko kwangu."

Dansi kwa Séraphine zilikuwa Jumamosi na Jumapili tu, na gitaa alilipenda kuliko alivyowahi kumpenda marehemu. Akampa gitaa, akampa na bia.

Tangu siku hiyo watu walimwita Docteur. Wanaume waliokuwa wakificha glasi zao akiingia, sasa walimpisha kiti na kumuuliza hali ya mgonjwa. Maneno alikuwa ameitwa majina mengi maishani, mengi yake na polisi, lakini hili lilimwingia moyoni. Nyumbani alilitamka peke yake mbele ya kioo, polepole, akafurahi kweli.

Clinique yenyewe ilikuwa Bagira, mtaa wa mlimani, katika baa ya Papa Emile, aliyelikodi gitaa kwa siku za kazi akiamini ni mali ya Maneno. Huko mgonjwa alichomekwa kwenye redio kubwa ya baa, akapumzishwa kwa rumba mpaka saa ya kufunga. Mpigaji alikuwa kijana aitwaye Bisimwa, mtu wa mkono wa kushoto, ambaye hakufundishwa na mtu: aligeuza gitaa juu chini, nyuzi zikiwa vilevile, akapiga. Kila Ijumaa Emile alimlipa Maneno, na Jumamosi asubuhi gitaa lilirudi Kadutu limefutwa vizuri, na docteur akitikisa kichwa kwa matumaini.

Jumamosi moja Séraphine alikuwa akilipitisha kitambaa cha pamba, kwa mkono mwepesi kama alivyofundishwa, akaona ukingoni kwa chini doa linalong'aa, upana wa kiganja. Ukingoni kwa juu alijua lingekuja doa, kwa sababu ndipo Lucien, mpigaji wake, alipoegemeza mkono. Lakini chini? Alilipakata gitaa, akaligeuza huku na huku. Alipoligeuza juu chini, mkono wake ulitua juu ya doa lile barabara.

Akamuuliza Lucien ni nani mjini anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto. Lucien alijibu kwa wivu kwamba yuko mmoja tu, Bagira, na watu wanamsifu bure.

Mwanamke mwingine angekwenda polisi. Séraphine alivaa kikwembe chake kipya, akamchukua Lucien awe shahidi, akapanda Bagira siku ya kazi na kuketi nyuma kabisa. Alikuwa na hasira, kwa maana gitaa lile lingepotea asingebaki na kitu ila kaunta na viti. Kisha Bisimwa akaanza kupiga. Baa ilijaa mpaka mlangoni, na hasira ya mjane ikageuka taratibu kuwa hesabu.

Alimwita Papa Emile nje, akamweleza gitaa ni la nani. Emile aliloa jasho. Séraphine alimtuliza: gitaa litaendelea kuja, ila malipo yatakuja kwake. Docteur aambiwe tu kwamba baa sasa inalipa mwisho wa mwezi, kama ofisi za serikali.

Maneno alipoambiwa hivyo alivimba kichwa, kwani aliona kulipwa kwa mwezi ni mambo ya watu wenye vyeo. Alibeba gitaa mgongoni, kupanda na kushuka, matopeni na mvuani, akanunua turubai la kulifunika kwa pesa zake mwenyewe. Mwezi ulipoisha alikwenda kwa Emile amechana nywele.

"Docteur, pesa mwenye gitaa alishachukua," alisema Emile.

"Mwenye gitaa si ni mi?"

"Nilimwambia vilevile. Maman akacheka sana."

Njia nzima ya kurudi Kadutu, gitaa mgongoni, Maneno alipiga bongo. Angeweza kutoroka nalo mpaka Usumbura, lakini kule nani angemwita Docteur? Akaingia katika baa iliyojaa, akatangaza kwa sauti kwamba mgonjwa amepona na clinique haihitajiki tena.

Séraphine alilipokea gitaa, akaweka kidole juu ya lile doa la chini.

"Bado, Docteur. Angalia hapa. Inaonekana kule analalia ubavu mbaya."

Wateja hawakuelewa. Maneno alielewa. Aliinama, akanong'ona anataka nini.

"Sitaki kitu. Lundi unaipeleka, Samedi unairudisha. Ao niwaelezee hawa batu clinique yako iko namna gani?"

"Na mi nitapata nini, maman?"

Séraphine akawageukia wateja, akawaambia Docteur amekubali kuendelea na matibabu bure, kwa upendo tu. Baa nzima ilisimama. Karani mmoja aliyevaa tai alimpa mkono kwa mikono miwili. Maneno aliutazama mlango, uliokuwa wazi na bila mlinzi. Halafu akazitazama nyuso zile. Akanyoosha kola, akasema kwamba mgonjwa haachwi njiani.

Jumatatu mvua ilinyesha. Dereva wa kamyo, lori la mizigo, alimkuta kwenye mlima wa Bagira, analowa, koti lake limefungwa juu ya turubai juu ya gitaa. Alisimama, akamwambia aurushe mzigo wake nyuma, apande.

Maneno alichungulia nyuma ya kamyo.

"Merci, tonton," alisema. "Mugonjwa wangu hapandake juu ya mihogo."

Akaendelea kupanda kwa miguu.